Kalsiamu, magnesiamu na mguu unaokakamaa usiku wakati wa ujauzito

Swali: Nina ujauzito wa wiki 28, wa pili. Kwa wiki tatu sasa shavu la mguu hunikakamaa usiku wa manane, mara tatu au nne kwa wiki, mara mguu huu, mara ule, hadi naamka nikipiga kelele. Mama mkwe anasema mtoto anaichota kalsiamu kwenye mifupa yangu. Rafiki yangu anasema yeye alipona kwa magnesiamu. Nimenunua vyote viwili pamoja na multivitamini ya wajawazito, na hapo nina vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki nilivyopewa kliniki. Nianze na kipi, nimeze kiasi gani, na je, naweza kuvimeza pamoja? Na nikijifungua niendelee navyo?

Jibu: Mpendwa mama, pole kwa maumivu na kwa usingizi unaokatika. Nianze na jambo lisilofaa kusubiri hadi mwisho wa jibu: usivimeze vyote kwa pamoja. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki endelea navyo kila siku bila kuruka, kwa sababu vina kazi yao wenyewe, ambayo haihusiani na kukakamaa kwa mguu, na hakuna chupa yoyote kati ya hizo tatu ulizonunua inayoweza kushika nafasi yao. Kalsiamu na magnesiamu ni vya kujaribu, kimoja baada ya kingine, kwa muda wenye mwisho unaojulikana, huku ukijua tangu mwanzo kwamba huenda visifanye kitu. Multivitamini iache kando mpaka tuisome lebo yake.

Msuli wa shavu la mguu hukaza unapopokea amri kutoka kwenye neva, na amri inapokoma hulegea. Wakati wa kukakamaa, neva hizo hufyatua amri mfululizo bila sababu, na msuli hujikusanya ukawa donge gumu unaloweza kulishika kwa mkono, kwa sekunde kadhaa au dakika chache, kisha huacha maumivu ya ndani yanayoweza kudumu hadi siku inayofuata. Usiku una mchango wake, kwani mtu akilala, hasa akiwa amefunikwa shuka zilizobana miguuni, unyayo huelekea chini na msuli wa shavu unakuwa tayari umefupika, na msuli uliofupika huhitaji kuchokozwa kidogo tu ili ujifunge kabisa. Ndiyo maana wanawake wengi husimulia kwamba mguu uliwashika pale pale walipojinyoosha nusu usingizini huku vidole vya miguu vikielekea chini. Ujauzito unaongeza uzito juu ya misuli hiyo, unabadilisha mzunguko wa damu miguuni na unazimua madini yaliyomo kwenye damu kwa sababu maji ya damu yanaongezeka. Ni lipi kati ya hayo lenye uzito zaidi, sayansi haijaamua. Linalojulikana ni kwamba hali hii ni ya kawaida mno: makadirio mengi yanaiweka kati ya asilimia 30 na 50 ya wajawazito, na huzidi katika nusu ya pili ya ujauzito, hapo hapo ulipo wewe.

Maneno ya mama mkwe yana ukweli ndani yake, ila hitimisho lake linakwenda mbali kuliko ushahidi. Ni kweli kwamba mtoto anajenga mifupa: hadi kuzaliwa huwa amekusanya takribani gramu 30 za kalsiamu, sehemu kubwa ikiwa katika miezi mitatu ya mwisho. Lakini mwili wa mama haukai tu ukisubiri kuchotwa. Mapema katika ujauzito utumbo huanza kufyonza kalsiamu ya chakula kwa takribani mara mbili ya kawaida, na kalsiamu ile iliyo huru kwenye damu, ambayo ndiyo inayohusika na neva na misuli, kwa kawaida hubaki katika kiwango chake. Hapa kuna mtego ambao huwanasa hata wasomi. Karatasi ya maabara ikionyesha kwamba kalsiamu yote ya damu imeshuka kidogo, mara nyingi kilichoshuka ni protini ya albumini inayoibeba, jambo la kawaida kwa mjamzito, na wala si dalili kwamba umeishiwa. Upungufu wa kweli wa kalsiamu kwenye damu hujionyesha kwa namna nyingine: ganzi na michomo kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, na viganja vinavyojikunja vyenyewe hata mchana. Ukiona hayo, hospitali inakuhusu siku hiyo hiyo. Mguu mmoja unaokaza saa nane za usiku kisha ukaachia si picha ya upungufu huo.

Nadharia hizi, kwa bahati mbaya, zimewahi kuwasumbua wajawazito bure. Zamani waliwahi kuwapo waganga wa hospitali walioamini kwamba fosforasi iliyomo kwenye maziwa ndiyo inayovuruga kalsiamu na kuleta kukakamaa, wakawaambia wanawake wapunguze maziwa, yaani waache moja ya njia rahisi za kupata kalsiamu ili wasipungukiwe na kalsiamu. Ushahidi wa kutosha haukupatikana, na ushauri huo umeachwa. Nauleta hapa kwa sababu bado unasikika, na kwako usiufuate.

Sasa magnesiamu. Madini haya yana kazi ya kutuliza mawasiliano kati ya neva na msuli, kwa hiyo wazo la kuyatumia lina mantiki, na limepimwa zaidi ya mengine. Mwaka 1995 watafiti wa Sweden waliwapa wajawazito 73 wenye tatizo kama lako ama magnesiamu ama vidonge visivyo na dawa, kwa wiki tatu, na waliopata magnesiamu walipata nafuu zaidi. Cha kushangaza ni kwamba kiwango cha magnesiamu kwenye damu yao hakikupanda kwa namna ya maana. Ziada ilitoka kwenye mkojo. Mwaka 2008 Wanorwei walirudia jambo hilo kwa kundi dogo zaidi, miligramu 360 kwa siku kwa wiki mbili, wasione tofauti kati ya magnesiamu na kidonge kitupu. Kisha utafiti wa Thailand ukatumia miligramu 300 kwa siku kwa wiki nne, ukaona tena nafuu. Tafiti tatu, zote ndogo, majibu hayakubaliani.

Kalsiamu nayo ina hadithi inayofanana. Ilipolinganishwa na kutopewa chochote, wanawake walioimeza walisema wamepata nafuu. Ilipolinganishwa na vitamini C, ambayo hakuna anayeitegemea kutibu msuli uliokaza, makundi yote mawili yalipata nafuu ile ile. Ukiyaweka matokeo hayo mawili kando kwa kando utaona tatizo lilipo. Mtu anayemeza kidonge akiamini kitamsaidia huwa anajisikia nafuu, na tena kukakamaa kwenyewe huja kwa vipindi, hukaa wiki kadhaa kisha kukapungua bila dawa. Rafiki yako hakudanganya aliposema alipona. Huenda magnesiamu ilimsaidia, na huenda kipindi chake kilikuwa kinaisha wakati ule ule alipofungua chupa. Kwa mtu mmoja asiye na wa kulinganishwa naye, hakuna njia ya kujua.

Mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti za tiba na kuzipima ubora, waliziweka mezani tafiti zote nane zilizokidhi vigezo, zenye wanawake 576 kwa jumla, zikiwamo za magnesiamu, kalsiamu, vitamini za kundi B, vitamini D na vitamini C. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ushahidi ni hafifu mno kusema ni kipi kinafanya kazi. Vitamini D haikuonyesha faida kwa kukakamaa. Vitamini B zilionekana kusaidia katika utafiti mmoja mdogo, ila walinganishwa walikuwa watu wasiopewa kitu, na wewe sasa unajua kwa nini hilo halinishawishi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa mwaka 2016, liliona kwamba magnesiamu, kalsiamu au njia zisizo za dawa zinaweza kutumika kupunguza kukakamaa kwa miguu, kulingana na anachopendelea mwanamke na kinachopatikana. Hiyo ni ruhusa ya kujaribu kitu kisicho na madhara makubwa, na isisomwe kama ahadi ya tiba.

Kwa hiyo uanze na kipi? Maoni yangu ni kwamba uamuzi usitegemee mguu peke yake. Kalsiamu ina faida nyingine iliyothibitishwa vizuri kuliko hii: kwa wanawake ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku ili kupunguza hatari ya shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Muulize mkunga au daktari wako kama uko katika kundi hilo. Ukiwa humo, anza na kalsiamu kwa kiwango watakachokuandikia, na mguu ukitulia iwe ni nyongeza tu. Ikiwa unapata kalsiamu ya kutosha kwenye chakula na huna sababu nyingine ya kuimeza, mimi ningeanza na magnesiamu, kwa kuwa hiyo angalau iliwahi kulishinda kundi la vidonge vitupu katika tafiti zilizofanywa kwa utaratibu mzuri. Kuanza vyote viwili siku moja ndiko nisikokushauri kabisa, maana ukipona hutajua cha kuendelea nacho, na ukiharisha hutajua cha kuacha.

Kuhusu kiasi, chukua chupa yako tuisome, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea. Kidonge hakina kalsiamu peke yake. Kina chumvi ya kalsiamu, na uzito wa chumvi si uzito wa madini. Lebo ikisema kalsiamu kaboneti miligramu 1250, madini yenyewe ni asilimia 40 tu ya hizo, yaani miligramu 500. Ikisema kalsiamu sitreti, madini ni takribani asilimia 21. Lebo nyingine hukufanyia hesabu, ikaandika kalsiamu miligramu 500 na chini yake, kwa maandishi madogo, imetokana na kaboneti. Hapo usipunguze tena. Magnesiamu ni vivyo hivyo: oksidi ina madini kama asilimia 60 lakini hufyonzwa kwa shida na huharisha kwa urahisi, ilhali sitreti na bisglisineti zina madini machache kwa uzito ila tumbo huzipokea vizuri zaidi. Na utaratibu huo huo unaeleza kwa nini kidonge chako cha kliniki kinaweza kuandikwa feri salfeti miligramu 300 huku mkunga akikuambia ni miligramu 60 za chuma. Wote wawili wako sahihi.

Mjamzito anahitaji takribani miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku, chakula kikiwa kimehesabiwa, na 350 hadi 360 za magnesiamu. Kikomo cha juu cha magnesiamu inayotoka kwenye vidonge, mbali na ile ya chakula, kimewekwa kuwa miligramu 350 Marekani na 250 Ulaya, na sababu kubwa ni kuharisha. Utaona kwamba tafiti nilizotaja zilikuwa kwenye mpaka huo au zaidi yake kidogo. Kwa hiyo, ukisharuhusiwa na kliniki, anza na miligramu 100 hadi 150 jioni kwa siku chache, uone tumbo linasemaje, ndipo upande hadi 250 au 300, ukigawanya mara mbili. Choo kikilainika kupita kiasi, rudi ulikotoka. Mwanamke anayefunga choo kwa sababu ya vidonge vya chuma pengine atalifurahia hilo, lakini kuharisha kwa mjamzito si jambo la kuvumilia.

Jipe wiki nne, zisizidi. Kabla ya kuanza, weka alama kwenye kalenda kwa wiki moja kila usiku unaokakamaa, kisha endelea kuweka alama ukiwa unameza. Wiki nne zikiisha na alama hazijapungua, acha. Kitu ambacho hakijasaidia kwa mwezi mzima kwa kiwango cha kutosha hakistahili kuendelea kumezwa kwa matumaini, wala kuongezwa maradufu.

Swali lako la kuvimeza pamoja lina jibu la wazi kuliko mengine yote. Kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa, na magnesiamu nayo, hasa ya oksidi na ile iliyomo kwenye dawa za kiungulia, inaweza kufanya vivyo hivyo. Mwanamke anayevimeza kwa gilasi moja ya maji asubuhi anadhani amejitunza, kumbe sehemu ya chuma chake inapita bila kuingia mwilini, na upungufu wa damu ndio utakaomdhuru siku ya kujifungua kuliko usingizi uliokatika. Meza chuma na asidi ya foliki asubuhi kabla ya kula, au baada ya kula kidogo ikiwa tumbo linakataa, mbali na chai, kahawa na maziwa. Kalsiamu ya kaboneti imeze pamoja na chakula cha mchana, kwa sababu inahitaji asidi ya tumbo, na isizidi miligramu 500 kwa mara moja, maana utumbo hauwezi kufyonza kingi zaidi ya hicho kwa ufanisi. Ukiandikiwa gramu 1.5, igawanye mara tatu, kila mara ikiwa imepishana na chuma kwa saa kadhaa. Magnesiamu iende jioni.

Dawa nyingine nazo zinaguswa. Anayemeza levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingoni aipishe na kalsiamu, chuma na magnesiamu kwa saa nne. Baadhi ya antibaiotiki hushikamana na madini haya tumboni, zikapoteza nguvu. Anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya virusi vya Ukimwi anapaswa kuimeza saa mbili kabla ya madini au saa sita baada yake. Kalsiamu na chuma vinaweza kumezwa pamoja nayo endapo vyote vinaenda na chakula, lakini dawa za kiungulia zenye magnesiamu hazina msamaha huo. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse magnesiamu bila daktari, kwani figo ndizo zinazotoa ziada, na zikishindwa madini hujikusanya hadi kudhoofisha misuli, upumuaji na mapigo ya moyo. Mwenye mayasthenia, ugonjwa unaodhoofisha misuli, au aliyewahi kuwa na mawe kwenye figo, naye aulize kwanza.

Multivitamini yako sasa. Fungua lebo utafute vitu vitatu. Cha kwanza ni chuma na asidi ya foliki: kama vimo, waonyeshe kliniki ili wakuambie kama unavirudia au vinaweza kuhesabiwa. Cha pili ni vitamini A ya aina ya retinoli, ambayo kwa wingi, na mpaka unaotajwa mara nyingi ni yuniti 10,000 kwa siku, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ile ya betakarotini haina tatizo hilo. Mafuta ya ini la samaki yamejaa retinoli, kwa hiyo yasiongezwe juu yake hata kama mtu atakusifia kwamba yanaimarisha mifupa. Cha tatu ni vitamini B6, ambayo watu huidhani haina madhara kwa kuwa inayeyuka majini. Ikimezwa kwa kiwango kikubwa kwa muda mrefu huharibu neva za miguu na mikono, ikaleta ganzi, na itakuwa kejeli kubwa kupata ugonjwa wa neva wa miguu kwa dawa ya miguu. Vitamini C na E kwa ajili ya kuboresha ujauzito, Shirika la Afya Duniani halizipendekezi. Ukiniuliza mimi, mwanamke anayekula vizuri na kumeza vidonge vya kliniki hana haja kubwa ya chupa hiyo, na fedha yake imeshatoka, basi.

Kuna mawili ambayo utashauriwa na mtu siku moja, na jibu ni hapana. Kwinini iliwahi kutumika sana kwa kukakamaa kwa miguu, lakini mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya matumizi hayo tangu mwaka 2006 kwa sababu ya madhara makubwa kwenye damu na moyo. Ina nafasi yake kwenye malaria, chini ya daktari, na haina nafasi kwenye msuli wa shavu. Vidonge vya potasiamu navyo si vya kujinunulia, kwani ziada yake huvuruga moyo.

Kinachosaidia pale pale msuli unapokushika hakitoki kwenye chupa yoyote. Usiukunje mguu wala usiusukume unyayo mbele, ingawa ndivyo mwili utakavyotaka. Nyoosha goti kabisa, kisha vuta vidole na unyayo vije juu upande wa ugoko. Kwa tumbo la wiki 28 huenda mkono usifike. Pitisha kitambaa au shuka chini ya unyayo uvute ncha zote mbili, au mwombe mwenzio akusukumie unyayo taratibu. Ukiweza kusimama, kanyaga sakafu kwa kisigino, konda kidogo mbele ukiwa umeshika ukuta. Msuli unaovutwa huizima amri ya neva, na fundo huanza kulegea mikononi mwako ukilisikia. Baada ya hapo uukande na kuupasha joto.

Kabla ya kulala, simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, mguu mmoja nyuma ukiwa umenyooka na kisigino kikiwa kimekanyaga, ukonde mbele mpaka usikie shavu linavutika. Shikilia kwa nusu dakika, rudia mara tatu kila mguu. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba unyooshaji wa namna hii kila usiku kwa wiki sita ulipunguza kukakamaa, ila ulifanywa kwa watu wa zaidi ya miaka 55, si wajawazito. Hata hivyo hauna gharama wala madhara, na ningependa uanze nao wiki ile ile ya kuweka alama kwenye kalenda, kabla ya kidonge chochote. Legeza shuka miguuni, na ukijinyoosha kitandani anza na kisigino.

Kuna hali mbili zinazochanganywa na hii. Ya kwanza ni miguu kutotulia: hakuna fundo wala maumivu makali, ila kuna hamu isiyovumilika ya kuisogeza miguu unapokaa au kulala, na ukisogea inapungua. Hiyo mara nyingi huenda pamoja na akiba ndogo ya chuma, nayo hupimwa kwa kipimo cha feritini. Wingi wa damu unaweza kuonekana mzuri huku akiba imekwisha. Dawa ya kichefuchefu iitwayo metoklopramaidi inaweza kuizidisha. Kama maelezo haya yanakufanana kuliko yale ya kukakamaa, chupa zako zote mbili zimekosea mlango.

Ya pili ni donge la damu kwenye mshipa wa ndani wa mguu, na hii ndiyo inayonifanya niulize maswali kabla ya kutaja kidonge. Wewe umesema maumivu huja usiku, hudumu muda mfupi na hubadilisha miguu, jambo linalonipa utulivu. Donge hukaa mguu mmoja, kwa wajawazito mara nyingi ule wa kushoto, maumivu hayaachi, na mguu huvimba, hupata joto au hubadilika rangi. Wakati mwingine maumivu huwa kwenye paja au kinena. Ukipima shavu zote mbili kwa utepe mahali pale pale na moja ikaizidi nyingine kwa sentimita 2 au zaidi, hiyo ni sababu ya kwenda hospitali leo, lakini usikae nyumbani kwa kuwa utepe umekupa moja na nusu. Mguu wa namna hiyo haukandwi. Kifua kikibana au pumzi ikakatika ghafla, hiyo ni dharura. Na ukivimba uso na mikono, ukaumwa kichwa kisichoachia au ukaona ukungu au vimulimuli machoni, kapimwe shinikizo la damu bila kuchelewa, hata kama miguu yako haijambo.

Umeuliza pia kuhusu baada ya kujifungua. Kukakamaa huku kwa kawaida hukoma chenyewe mtoto akizaliwa, kwa hiyo magnesiamu huna sababu ya kuendelea nayo, na kalsiamu iendelee tu ikiwa kliniki imekwambia hivyo. Chuma ni tofauti: mwongozo wa kimataifa unaruhusu kuendelea nacho kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na kliniki yako itakuambia. Jambo ninaloomba ulishike kwa kipindi hicho ni kwamba hatari ya donge la damu huwa kubwa zaidi katika wiki za kwanza baada ya uzazi kuliko wakati wa ujauzito wenyewe, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji. Shavu moja likianza kuuma wakati huo na lisiachie, usijiambie kwamba ni ule mkakamao wa zamani umerudi, nenda ukapimwe.